Barua ya wazi kwa madiwani wa Simiyu: mali bila daftari

Kwa: Waheshimiwa Madiwani,
Halmashauri ya Mji wa Bariadi na Halmashauri za Wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega.

YAH: FEDHA ZA WAFADHILI NA HAKI YA KIJIJI KUSOMEWA HESABU

Waheshimiwa,

 

Barua za namna hii huandikwa kwa Waziri, kwa Mkuu wa Mkoa au kwa balozi wa nchi inayotoa fedha. Mimi nimeamua kuwaandikia ninyi. Waziri anaweza kuhamishiwa wizara nyingine wiki ijayo. Mkurugenzi huletewa barua ya uhamisho, keshokutwa yuko Mtwara. Mtaalamu wa mradi mkataba wake ukiisha anapandia ndege Mwanza. Anayebaki na kisima kilichokufa, zahanati isiyo na dawa na wananchi wenye maswali ni diwani. Tena ninyi mmechaguliwa Oktoba 2025, kwa hiyo miaka mitano ya kuulizwa maswali hayo ndiyo kwanza imeanza.

Ombi langu ni moja, mengine yote ni maelezo yake. Mradi wowote wa mfadhili usipokewe katika mkoa huu kabla wananchi watakaoutumia hawajasomewa bei yake, kwa Kiswahili, kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na kuambiwa nani atalipia matengenezo mfadhili akishaondoka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumepokea mali nyingi. Daftari hatukuliona.

Mkoa wetu ni mchanga. Ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na, kwa upande wa Busega, kutoka Mwanza, na Sensa ya 2022 ilitukuta tumeshapita watu milioni 2.1. Lakini kwa umri huo mdogo, wafadhili waliopita hapa ni wengi. Waingereza walileta mradi wa elimu wa EQUIP-T katika shule zetu za msingi kuanzia 2014 hadi 2020, kisha wakaleta Shule Bora. Wakanada waligharimia mradi wa Uzazi Uzima kwa ajili ya afya ya mama na mtoto. Benki ya Dunia imepita kwenye zahanati kwa malipo yanayofuata matokeo, na imepita kwenye kaya maskini kupitia TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii. Wamarekani wamekuwa nguzo ya huduma za VVU. Sitaki mtu yeyote asome barua hii akadhani nabeza mambo hayo. Wapo watu wanatembea leo Bariadi kwa sababu dawa ilifika, na wapo watoto waliojua kusoma kwa sababu mwalimu wao alifundishwa namna ya kuwafundisha.

Ila mwaka 2025 ulituonyesha tulipo. Januari 20, siku ile ile alipoapishwa, Rais wa Marekani alisimamisha misaada ya nje, na Julai 1 shirika la USAID likafungwa rasmi. Februari ya mwaka huo huo Uingereza ikatangaza kwamba kufikia 2027 itashusha misaada yake kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3 ya pato la taifa lake. Hakuna aliyekuja Mwanhuzi wala Lagangabilili kutuuliza maoni. Hatuna haki ya kumlaumu mtu kwa kufunga pochi yake. Tunayo haki ya kujiuliza kwa nini pochi yake ilipofungwa hatukuwa hata na orodha ya vitu alivyokuwa anatulipia.

Waheshimiwa, misaada haikuanza na mkoa huu. Babu zetu waliionja. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, makao yake Malya, kwa fedha ambazo sehemu yake zilitoka Uingereza. Walichimba malambo, wakafungua maeneo mapya ya makazi, na pamoja na hayo wakaja na amri: punguza ng'ombe, lima kwa matuta, mwaga samadi. Malambo yalipokewa kwa mikono miwili. Amri za kupunguza mifugo ziligomewa, na kabla ya Uhuru zilikuwa zimeshajifia. Waliopanga walikuwa na takwimu za ng'ombe na za ekari. Ridhaa ya mwenye ng'ombe hawakuwa nayo.

Mfano wa pili tunaujua vizuri zaidi, kwa sababu walioushiriki wengi bado wapo. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, Shinyanga ya wakati ule, ambayo ndani yake mlikuwa Bariadi, Maswa na Meatu, ilikuwa imebaki uwanda mtupu. Vichaka vilifyekwa kuua mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuliwa, kuni zikakatwa, mifugo ikaongezeka, na watu walipohamishiwa vijijini miaka ya 1970 wakaziacha nyuma ngitili zao, yaani malisho yao ya akiba. Mwalimu Nyerere alipoutembelea mkoa mwaka 1984 hali hiyo ilimshtua. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa msaada wa Norway.

Mwanzoni HASHI ilikwenda kama miradi mingine: vitalu, miche ya miti ya kigeni, wataalamu wa kuelekeza. Mambo yalianza kubadilika pale wataalamu walipokubali kwamba wenyeji walikuwa na njia yao. Ngitili, kwa msomaji asiye wa huku, ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika ili ng'ombe wapate nyasi kiangazi. Hakuna Msukuma aliyehitaji semina ili aelezwe hilo. Kila mtu aliujua mpaka, alijua eneo linafunguliwa lini, na aliyechunga humo kwa wizi alipelekwa mbele ya dagashida, baraza la jadi, au sungusungu, walinzi wa kijiji, akatozwa faini. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa kwenye kumbukumbu hazikuzidi sana hekta 600. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800, na mwaka 2002 Umoja wa Mataifa uliupa mradi huo Tuzo ya Equator. Fedha ya Norway ililipa gharama za mradi. Kilichoirudisha miti ni sheria ambayo kijiji kiliitunga, kikaisimamia na kutoza faini chenyewe.

Sasa tazameni visima. Miaka ya 1970 Waholanzi walichimba visima vifupi vingi Shinyanga nzima, vya bomba la mkono, kazi nzuri na ya gharama nafuu kwa wakati wake. Baada yao wamekuja wengine na wengine, wa serikali, wa makanisa na wa mashirika. Mwaka 2009 WaterAid walipochapisha uchunguzi wao kuhusu vituo vya maji vijijini Tanzania, walikuta karibu nusu havitoi maji, na hata katika vile vilivyokuwa na miaka miwili tu tangu vijengwe, kimoja kati ya vinne kilikuwa kimeshakufa.

Kila mmoja wenu anacho kimoja katika kata yake. Nendeni mkakitazame kwa karibu. Mkono wa bomba ukiushusha unashuka bila uzito wowote, na fundi yeyote atakwambia mpira wa ndani umekwisha. Zege la chini lina ufa, na humo nyasi zimeota. Pembeni kuna maandishi yaliyochorwa kwa msumari kabla zege halijakauka: mwaka, na herufi za kwanza za mfadhili. Mpira ulioharibika unatosha kwenye kiganja cha mkono. Uliza unauzwa wapi: hakuna ajuaye. Uliza bei yake: hakuna ajuaye. Uliza fedha za mfuko wa maji ziko wapi, utaambiwa mweka hazina alihamia Geita. Mwenyekiti alimwambia mtendaji, mtendaji aliandika barua, na barua ilipokelewa. Wakati huo kina mama wamesharudi kwenye mchanga wa mto kuchimba maji kwa kata ya kibuyu.

Ngitili ilikuwa na mwenyewe. Bomba lilikuwa na mfadhili. Hiyo ndiyo tofauti, na ndiyo hoja yangu yote.

Kuna watakaosema kwamba tatizo letu ni wizi tu. Wizi upo, na ripoti za CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, husomwa kila mwaka tukazisikia. Lakini fedha nyingi za misaada hupotea kihalali kabisa, zikiwa na risiti. Hudhurieni semina yoyote katika kumbi za Bariadi. Karatasi ya mahudhurio inapita mara tatu: moja ya halmashauri, moja ya shirika, moja ya mfadhili. Kuna chai saa nne, maji ya chupa mezani, kalamu na daftari lenye nembo. Mada ni kuwajengea uwezo wajumbe wa kamati. Saa nane mchana mhasibu anaanza kuita majina, na kuanzia hapo hakuna anayemsikiliza mtoa mada. Mtendaji wa kata ambaye wiki ile alikuwa na kesi ya mipaka ya mashamba ameacha ofisi, kwa sababu posho ya siku moja inazidi kile anachobaki nacho kwenye mshahara baada ya makato ya mkopo. Mwaka 2012 Norad, shirika la misaada la Norway, lilichapisha utafiti uliogusa Tanzania, Malawi na Ethiopia kuhusu posho hizi, nao ulionyesha jinsi zinavyovuta watumishi kutoka kwenye kazi walizoajiriwa kufanya. Hakuna aliyeiba. Fedha imetumika kama ilivyopangwa, na ripoti itaandikwa kwamba wajumbe hamsini wamejengewa uwezo.

Ripoti yenyewe itaandikwa kwa Kiingereza. Itapelekwa makao makuu ya shirika, itasomwa na mtu ambaye hajawahi kufika Itilima, naye ataridhika au hataridhika. Wajumbe hamsini waliotajwa humo hawataiona kamwe. Ndivyo uwajibikaji wa misaada ulivyopangwa: hesabu hupanda juu kwa mtoaji, haishuki chini kwa mtumiaji. Dunia ililigundua hilo zamani. Azimio la Paris la 2005 kuhusu ufanisi wa misaada, na mikutano iliyofuata Accra 2008 na Busan 2011, yote yalisema nchi zinazopokea ziwe na umiliki wa maendeleo yao. Hapa kwetu jambo hilo lilikuwa limeshasemwa hata kabla: mwaka 1995, baada ya wafadhili kugombana na Serikali na kuzuia fedha zao, kamati iliyoongozwa na Profesa Gerald Helleiner ilizisema pande zote mbili wazi, Serikali kwa ulegevu na rushwa, wafadhili kwa kujiendeshea miradi yao wenyewe kana kwamba nchi haina mwenyewe. Tangu hapo umiliki umekuwa wa Dodoma na Dar es Salaam. Kijiji hakijafikiwa.

Nisionekane kwamba naona giza tu. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili kadhaa, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati badala ya kuzungukia makao makuu ya halmashauri. Mganga mfawidhi hukaa na kamati ya usimamizi ya kituo, ambayo wajumbe wake ni wanakijiji, wakakubaliana kununua nini. Pale ambapo mwenyekiti wa kamati anajua kiasi kilichoingia, geti la zahanati linatengenezwa, choo kinajengwa na dawa inayopungua inaagizwa mapema. Pale ambapo mwenyekiti huitwa kuweka sahihi tu, hali ni ile ile ya zamani. Mfumo ni mmoja, fedha ni zile zile, mfadhili ni yule yule. Kinachotofautisha ni kama kijiji kinajua kiasi.

Waheshimiwa, sasa nije kwenye mradi mkubwa kuliko yote. Aprili 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, GCF, wenye makao yake Songdo nchini Korea Kusini, uliidhinisha mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria katika mkoa wetu na kuwasaidia wakulima wadogo kukabiliana na ukame. Fedha hupitia KfW, benki ya maendeleo ya Ujerumani iliyoko Frankfurt, na utekelezaji uko chini ya Wizara ya Maji. Miaka kadhaa ilikwenda kwenye makaratasi na zabuni kabla mitaro haijaanza kuchimbwa. Maji yanachukuliwa ziwani upande wa Busega ili yapandishwe kwenda Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu.

Jumla iliyoidhinishwa ni yuro milioni 171. Ugawanyo wake niwasihi mkausome polepole. GCF yuro milioni 102.7. Serikali ya Ujerumani kupitia KfW yuro milioni 26.1. Serikali ya Tanzania yuro milioni 40.7. Na mstari wa nne: wanufaika wenyewe, yaani sisi, yuro milioni 1.5.

Someni tena. Karibu robo ya fedha hizo ni ya kodi yetu na ya michango yetu. Mwanamke wa Meatu anayeamka saa tisa usiku kwenda kusubiri zamu kisimani yumo kwenye jedwali la wachangiaji, pamoja na Wajerumani. Je, amewahi kuambiwa? Nani kati yenu amesimama kwenye mkutano wa hadhara akasema: ndugu zangu, mradi huu si zawadi, nanyi mmo humu ndani, kwa hiyo mna haki ya kuuliza? Tunachosikia kwenye majukwaa ni kwamba tumeletewa maji. Aliyeletewa hushukuru, na mtu anayeshukuru hadai risiti.

Na maji ya ziwa si kama ngitili, hayajiendeshi yenyewe. Nchi yetu inapanda kutoka ziwani, kwa hiyo kila ndoo itakayofika Bariadi itakuwa imesukumwa na mashine, kwa umeme unaolipiwa, usiku na mchana. Wafadhili wanasaidia kujenga. Ankara ya umeme, dawa ya kusafishia maji, mabomba yatakayopasuka na mishahara ya mafundi ni mzigo wetu kwa miaka yote ijayo. Majirani zetu wa Kahama na Shinyanga walishapelekewa maji ya ziwa hilo hilo kwa fedha za Serikali yenyewe, na wanaweza kuwaambia kinachotokea baada ya utepe kukatwa: hesabu ya uniti za umeme, maji yanayovuja njiani, taasisi za umma zisizolipa ankara. Nendeni mkaulize kabla, si baada.

Mtaniambia mradi huu si wa halmashauri, ni wa Wizara. Ni kweli. Lakini bei ya ndoo itakapokuwa kubwa, mwananchi hatakwenda Dodoma. Atakuja kwako, Mheshimiwa, nyumbani, jioni. Tena tangu RUWASA, wakala wa maji vijijini, ilipoanza kazi Julai 2019, maji ya vijijini husimamiwa na vyombo vya watumia maji vya ngazi ya jamii, na viongozi wa vyombo hivyo wanatoka katika kata zenu.

Naomba basi mfanye mambo matano. Hakuna hata moja linalohitaji sheria mpya.

Kwanza, kila mradi wenye fedha ya nje uwe na ubao kijijini, si ule wa nembo na bendera, bali wa hesabu: umegharimu kiasi gani, nani ametoa kiasi gani ikiwa ni pamoja na nguvu za wananchi, mkandarasi ni nani, unaisha lini, na nani analipia matengenezo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae angalau kila miezi mitatu na mapato na matumizi yasomwe. Ubao huo usomwe hapo. Kijiji ambacho wananchi wake walibeba mawe na mchanga kujenga boma la darasa hujua bei ya mfuko wa saruji mpaka shilingi ya mwisho. Kitaelewa na hesabu ya mradi.

Pili, halmashauri isikabidhiwe kitu ambacho hakina mstari kwenye bajeti yake. Chukueni mfano wa elimu. Mradi wa EQUIP-T uliwapa waratibu elimu kata pikipiki pamoja na fedha za kuziendesha. Mradi ulipokwisha, mafuta na matairi yakawa ya halmashauri. Lakini posho yao ya madaraka ya shilingi 250,000 kwa mwezi, ambayo Serikali iliiweka kwenye bajeti yake yenyewe, iliendelea kutoka mfadhili awepo asiwepo. Kilichomo kwenye bajeti yetu hubaki. Kilichomo kwenye bajeti ya mgeni huondoka naye.

Tatu, kila halmashauri iandae orodha ya huduma zinazosimama kwa fedha za wafadhili: watumishi wa mikataba katika kliniki, vitendanishi vya maabara, usafiri wa sampuli, mafuta ya magari ya chanjo. Mbele ya kila huduma iandikwe tarehe ambayo fedha zitakwisha. Magomvi ya wakubwa hayatutangazii. Mwaka 2014 wafadhili walizuia karibu dola milioni 500 kwa sababu ya sakata la fedha za akaunti ya Escrow ya Tegeta. Machi 2016 Wamarekani, kupitia shirika lao la misaada la MCC, walifuta dola milioni 472 kwa sababu ya uchaguzi wa Zanzibar na sheria ya makosa ya mtandao. Novemba 2025, baada ya uchaguzi wetu, Bunge la Ulaya lilipiga kura kutaka fedha za Umoja wa Ulaya kwa Tanzania zizuiwe. Iwe walikuwa na haki au hawakuwa nayo, hakuna kosa hata moja kati ya hayo lililotendwa na mgonjwa wa zahanati ya Itilima, na bado bili humfikia yeye. Mwenye orodha atajua aanze kuokoa nini.

Nne, posho. Mafunzo yafanyike katani, chini ya paa la shule, na jumla ya posho zilizolipwa katika kila mradi ibandikwe ukutani kando ya jumla ya fedha zilizofika kwenye kazi yenyewe. Sisemi watumishi wasilipwe nauli. Nasema tuone namba mbili hizo zikiwa karibu karibu.

Tano, swali la bei ya maji ya ziwa na gharama za uendeshaji lijadiliwe kwenye Baraza la Madiwani mlango ukiwa wazi, wananchi wakiwa wamekaa nyuma wanasikiliza, kabla mabomba hayajafunguliwa katika wilaya zote. Waiteni Wizara, RUWASA na mamlaka za maji. Waulizeni umeme wa mwezi mmoja ni kiasi gani, nani atafidia iwapo watumiaji hawatafika idadi iliyokadiriwa, na vijiji vilivyo mbali na bomba kuu vitafikiwa lini.

Najua majibu mawili mtakayonipa. La kwanza ni kwamba mapato yetu ya ndani ni madogo. Kweli, ni madogo. Mkoa unalima zaidi ya nusu ya pamba ya nchi, lakini ushuru wa zao hilo umeshushwa hadi asilimia 3, na bei ikianguka au wanunuzi wakikosa fedha kama ilivyotokea msimu wa 2019, kapu la halmashauri linabaki tupu. Ndiyo sababu hasa ya kuwa wakali na kila shilingi ya nje. Maskini asiyeandika madeni yake huwa maskini zaidi.

Jibu la pili ni kwamba tukiuliza sana tutawaudhi wafadhili, watapeleka fedha Katavi. Siamini. Wafadhili wenyewe wamechoka kusikilizwa kwa makofi. Mfadhili anayekataa gharama ya mradi wake isomwe mbele ya wanufaika, fedha yake ina jambo.

Kwa wafadhili mtakaoisoma barua hii nina maneno machache. Andikeni ripoti zenu kwa Kiswahili, kurasa mbili zinatosha, na mzilete kijijini kabla hamjazipeleka kwenu. Msituhesabie wajumbe waliohudhuria. Tuhesabieni mabomba yanayotoa maji mwaka wa tano baada ya ninyi kuondoka. Na mkiona halmashauri haina fedha ya matengenezo, msikate utepe.

Kwa wananchi wenzangu: mkutano mkuu wa kijiji ukiitishwa, nendeni. Akidi isipotimia, hesabu hazisomwi, na mtendaji hawezi kulaumiwa kwa viti vitupu. Mkifika, msiulize tu tutaletewa nini. Ulizeni kile cha mwaka jana kiligharimu kiasi gani na kiko wapi leo.

Waheshimiwa Madiwani, mkutano ujao wa baraza ajenda zake bado zinapangwa. Naomba kila halmashauri kati ya hizi sita iweke ajenda moja: taarifa ya miradi yote yenye fedha za nje, gharama zake, na mlipaji wa matengenezo yake. Nakala ibandikwe kwenye ofisi ya kila kata siku saba kabla ya kikao. Mkifanya hivyo mara moja tu, wananchi watadai mfanye hivyo kila robo mwaka, na huo utakuwa msaada mkubwa kuliko wowote uliowahi kufika Simiyu, nao hautahitaji mfadhili.

Wenu katika ujenzi wa mkoa,

Mwananchi, mkazi wa Bariadi